Midomo Baada ya Tatuu: Namna ya Kuitunza Hadi Rangi Itulie

Midomo ikitoka chini ya sindano huwa imevimba, na rangi imekolea kupita ile uliyochagua. Usiogope, ila usishangilie mapema, maana hiyo siyo rangi utakayobaki nayo. Itaambuka, itapauka hadi udhani pesa zako zimekwenda na maji, kisha itarudi polepole. Kazi ya fundi huisha siku hiyohiyo. Iliyobaki ni ya mwenye midomo, na sehemu kubwa yake huangukia katika siku saba za kwanza.

Kosa la kwanza hutoka saluni kwenyewe. Mafundi wengi huanza na tatuu ya nyusi, na mteja wa midomo akaagizwa maneno yaleyale: acha pakavu, usipake kitu, subiri magaga yadondoke. Nyusi zina vinyweleo na tezi za mafuta, kwa hiyo ngozi yake hujilainisha. Sehemu nyekundu ya mdomo haina tezi za jasho, na za mafuta ni haba au hakuna. Ngozi ya juu ni nyembamba na chini yake mishipa ya damu imesongamana. Ndiyo maana mdomo hupona upesi kuliko nyusi, na ndiyo maana hukauka upesi kuliko nyusi. Mdomo ukikauka hupasuka, na kila ufa huondoka na rangi iliyokuwa mahali pale. Ukiona baadaye mstari uliopauka, umesimama wima katikati ya mdomo wa chini, mara nyingi ni ufa wa siku ya tatu.

Kuna na wanaokosea upande wa pili: wanapaka mafuta mengi mpaka midomo inang'aa kama chapati, mchana na usiku. Ngozi iliyofunikwa hivyo hulowa na kufifia rangi kama kidole kilichokaa ndani ya maji. Magaga hulainika na kuteleza kabla ngozi ya chini haijafunga, nayo huteleza na rangi. Unachotafuta ni mdomo wenye unyevu mdogo muda wote, usiokauka na usioogelea. Karibu kila agizo lililo hapa chini linarudi kwenye hilo.

Kabla ya siku yenyewe

Andaa vitu nyumbani mapema, kwa sababu ukishatoka saluni hutataka kuzunguka madukani na midomo iliyovimba: pakiti mbili za gozi safi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda), vijiti vya pamba, kopo dogo jipya la vaselini isiyo na manukato wala rangi, mswaki mpya laini, parasetamoli, na foronya mbili zilizofuliwa. Soma lebo ya vaselini kwa makini. Nyingi zinazouzwa kama za watoto zina manukato, na manukato kwenye jeraha huwasha. Kopo liwe lako peke yako. Lile linalopitishwa nyumba nzima, kila mtu akichota kwa kidole, halifai.

Kama umewahi kutokwa na malengelenge ya midomo, yale madogo yanayokuja kwa kundi wakati wa homa, muone daktari kabla ya kukaa kwenye kiti cha fundi. Huletwa na virusi vya herpesi, ambavyo vikishaingia mwilini haviondoki. Hulala kwenye neva na kuamshwa na homa, jua kali, uchovu au jeraha. Sindano inayopita midomoni mara maelfu ni jeraha tosha. Yakizuka siku ya tatu au ya nne, hula rangi na kuacha madoa matupu. Daktari huweza kukuandikia vidonge vya asiklovia au dawa za jamii yake, vianze kabla ya tatuu na kuendelea hadi ngozi ifunge. Mafuta ya asiklovia peke yake hayatoshi kwa kinga hii. Mwambie pia kama una mimba, kisukari, ugonjwa wa figo, au unatumia dawa za kuyeyusha damu. Siku ya tatuu ikikuta midomo tayari inawasha na kuanza kutoa vipele, ahirisha. Hakuna fundi wa maana atakayekulaumu.

Saa za kwanza

Dawa ya ganzi inaweza kudumu saa moja au mbili baada ya kazi kwisha. Katika muda huo usinywe chai wala kula: hutahisi moto, na unaweza kujing'ata mdomo bila kujua.

Midomo itatoa majimaji ya manjano mepesi, pengine yenye damu kidogo. Hayo ni majimaji ya mwili yanayokuja kufunga jeraha, nayo yakiachwa yakauke juu hugeuka ukoko mnene utakaopasuka na kung'oa rangi. Kwa hiyo siku ya kwanza kazi yako kubwa ni kuyaondoa. Nawa mikono kwa sabuni, lowesha gozi kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha gusisha juu ya midomo, hesabu hadi tano, inua. Usifute, usiburute. Fanya hivyo kila nusu saa kwa saa tatu au nne za mwanzo, halafu kila saa hadi utakapolala. Baada ya kila mara paka vaselini kidogo. Karatasi ya chooni na pamba ya kunyofoa huacha nyuzi zinazonasa kwenye ukoko, tumia gozi.

Uvimbe hufika kilele ndani ya saa 24 na kuanza kushuka siku ya pili. Kufikia siku ya tatu midomo huwa imekaribia ukubwa wake wa kawaida, ingawa asubuhi inaweza kuonekana imejaa zaidi kwa sababu ulilala kichwa kikiwa chini. Lalia mgongo na mito miwili. Barafu inasaidia, lakini iangalie: barafu ya kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, hutoa maji pembeni, na maji hayo huenda hayakuchemshwa. Iweke ndani ya mfuko usiovuja, funga kwa kitambaa safi kikavu, weka kando ya midomo na si juu ya jeraha lenyewe, dakika 10, kisha pumzisha dakika 20. Barafu iliyogusa ngozi moja kwa moja huiunguza.

Kwa maumivu, mtu mzima anaweza kumeza parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi vinane kwa siku. Mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza. Aspirini iache siku hizo kwa kuwa huongeza kutoka damu, isipokuwa kama daktari ndiye aliyekuandikia kwa ajili ya moyo; hiyo usiikatize kwa sababu ya urembo. Pombe nayo isubiri siku mbili angalau.

Kuosha na kupaka, siku ya pili na kuendelea

Osha asubuhi, jioni, na kila baada ya kula. Maji ya bomba au ya jerikeni yachemshe, yapoe kwenye chombo chenye mfuniko. Ukipenda maji ya chumvi, pima: robo tatu ya kijiko cha chai, kilichosawazishwa, kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa. Chumvi hiyo hukaribia ile iliyomo mwilini, kwa hiyo haichomi. Ukizidisha kwa kudhani inaua vijidudu zaidi, itavuta maji kutoka kwenye mdomo na kuukausha. Tengeneza mapya kila siku na mabaki ya jana yamwage.

Sabuni si lazima ndani ya midomo. Kama chakula kimeganda pembeni, tone moja la sabuni isiyo na manukato kwenye gozi iliyolowa linatosha, kisha suuza vizuri. Kausha kwa kugusisha gozi nyingine kavu.

Sasa vaselini. Chota kwa kijiti kipya cha pamba kiasi cha punje moja ya mchele. Hiyo ni ya midomo yote miwili. Sambaza kwa kugonga kidogo kidogo hadi uone mng'ao mwembamba tu. Ukibonyeza gozi juu yake na ikatoka na doa la mafuta, ulizidisha. Kijiti kikishagusa mdomo kisirudi koponi. Rudia kila unapohisi midomo inakaza, ambayo kwa watu wengi ni mara tano hadi nane kwa siku, na paka kabla ya kulala, hasa kama hupumua kwa mdomo usiku.

Mafuta ya moyao (shea) kutoka Lango, Acholi na West Nile, kaskazini mwa Uganda, ni mazuri mno kwa ngozi nzima, na wengi wanayo nyumbani. Lakini yaliyokamuliwa kwa mikono na kuuzwa sokoni kwenye kikopo hayakusafishwa kwa ajili ya jeraha bichi. Yaweke hadi wiki ya tatu. Samli, mafuta ya simsim na asali ni vivyo hivyo. Asali pia hunata na kuvuta ukoko. Mshubiri unaokatwa bustanini una utomvu wa manjano unaowasha. Na kile kikopo kisicho na lebo ambacho saluni nyingine humpa kila mteja kama dawa maalumu, kirudishe kwa adabu.

Kuna dawa za nyumbani ambazo hapa zinaharibu moja kwa moja. Dettol na spiriti huunguza ngozi changa. Dawa ya zambarau inayopakwa vidonda vya watoto ni rangi kali, na ukiipaka kwenye midomo iliyotobolewa, una tatuu nyingine usiyoiagiza. Unga wa ndani ya kapsuli ya amoksilini hauna kazi juu ya jeraha, huganda na kuwasha. Mafuta ya midomo yenye mentholi, mdalasini au pilipili yale ya kujaza midomo, pamoja na krimu za kung'arisha ngozi, yakae mbali mwezi mzima. Krimu ya kung'arisha ikishuka kutoka shavuni hadi mdomoni huishambulia rangi kimyakimya.

Siku midomo inapoambuka

Kwa kawaida huanza siku ya tatu na kwisha kati ya siku ya sita na ya kumi. Kwanza midomo hukaza kama imepakwa gundi, kisha ngozi nyembamba yenye rangi huinuka, mara nyingi kutokea katikati kwenda pembeni. Vipande vitakuja vikubwa mahali na vidogo kwingine, na kwa siku mbili utaonekana kama mtu aliyekula bitiruti bila kuoga uso. Kuona rangi kwenye kipande kilichodondoka kusikutishe. Sehemu ya rangi ilikaa kwenye ngozi ya juu na hiyo ilikuwa iondoke tu.

Usiambue. Kipande kinachoning'inia upande mmoja upande wa pili bado kimeshikana na ngozi iliyo hai, na ukikivuta unang'oa vyote viwili. Kama kinakukera wakati wa kula, lowesha gozi kwa maji ya uvuguvugu, iweke juu dakika tano, paka vaselini, kiache. Kama bado kinaning'inia, kata sehemu iliyolegea tu kwa mkasi mdogo uliochemshwa dakika 10. Usikate karibu na mahali kiliposhika.

Wanaoambua usingizini ni wengi kuliko wanavyojijua. Kata kucha fupi kabla ya siku ya tatu. Wengine hawatumii vidole, hutumia meno na ulimi. Mate yana vimeng'enya vya kusaga chakula. Ukilamba midomo kila dakika unailowesha na kuikausha kwa zamu, na pembe za mdomo huchanika. Kila ulimi unapotaka kutoka, paka punje ya vaselini badala yake. Pembe zikichanika na kubaki nyeupe zenye kulowa zaidi ya siku chache, huenda ni fangasi, na hiyo huhitaji dawa ya duka la dawa kwa ushauri wa mfamasia.

Kuwasha kutakuwepo. Gonga kwa pedi ya kidole kilichonawishwa juu ya gozi safi. Usikune.

Mezani

Kwa siku tano hadi saba chakula kiwe cha uvuguvugu, laini, na kisicholazimisha mdomo kupanuka. Hapa Uganda tuna bahati: matooke yaliyopondwa, viazi vitamu, malenge, mayai laini, ndizi mbivu na uji wa wimbi uliopoa vyote vinafaa. Kula kwa kijiko kidogo, weka chakula ndani ya meno, funga mdomo bila kukwangua kijiko kwa mdomo wa juu. Mchuzi wa njugu unaruhusiwa ukipoa, ila hushika midomoni kama saruji, kwa hiyo osha mara moja baada ya kula.

Rolex, ile chapati iliyokunjwa na mayai, kata vipande na ule kwa uma. Kuing'ata ikiwa imekunjwa kunavuta pembe za mdomo na mafuta yake huwa bado ya moto. Muchomo (nyama ya kuchoma) usiuvute kutoka kwenye kijiti kwa meno. Mahindi ya kuchoma na muwa vipumzike wiki mbili. Kamulali (pilipili kali), limau, nanasi, pasheni na embe bichi la chumvi vitakuchoma, na ukichomwa utalamba. Nanasi lina kimeng'enya kinachomeng'enya protini, ndiyo maana hata mdomo mzima huwasha ukilila sana. Fenesi ndilo baya kuliko yote kwa jambo hili: utomvu wake hunata kwenye midomo na hautoki mpaka usuguliwe kwa mafuta, na kusugua ndiko tunakokukwepa. Msimu wa nsenene, wale panzi wa kuliwa, ukikukuta, ondoa miguu na mabawa yote, kula wachache wasio na chumvi nyingi, au wape wengine.

Vinywaji vya baridi kunywa kwa kikombe chenye ukingo mwembamba, funda dogo dogo. Mrija mpana si mbaya kama hulazimiki kuufyonza kwa nguvu. Mrija wa malwa, pombe ya wimbi, ni suala jingine kabisa. Ule mrija mrefu unaopita kutoka mdomo hadi mdomo kuzunguka chungu, na midomo yako ina matundu madogo yasiyohesabika, ni njia fupi ya kupata herpesi kama hukuwa nayo. Shisha ina tatizo hilohilo la kushirikiana, juu ya moshi unaobana mishipa ya damu na kuchelewesha kupona, mbali na kwamba Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015 iliipiga marufuku nchini. Kubusiana nako kusubiri siku kumi, au hadi ngozi yote iwe imefunga.

Mswaki piga kama kawaida, kwa sababu kinywa kichafu ni hatari kuliko povu, lakini tumia dawa ya meno kiasi cha punje ya njegere. Paka vaselini midomoni kabla ya kuanza ili povu lisishike, inama mbele, tema, suuza. Dawa za kung'arisha meno na za mentholi kali ziache mwezi.

Barabarani, juani, majini

Kupanda boda wakati wa kiangazi ni kulishwa vumbi jekundu. Katika siku saba za mwanzo, kama huna njia nyingine, vaa helmeti yenye kioo na ukishushe, na uvae barakoa mpya ya kutupa iliyokaa mbali kidogo na midomo. Ukifika, osha na ubadilishe barakoa. Iliyolowa jasho na pumzi ni mbaya kuliko vumbi. Usipake vaselini nyingi kabla ya safari, maana vumbi hunata juu yake.

Jua la karibu na ikweta halina msimu wa kupumzika. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni linaharibu rangi ya tatuu na kuamsha weusi wa midomo kwa pamoja. Hadi uambukaji uishe, kinga yako ni kofia pana au mwavuli, kwa sababu mafuta ya jua hayapakwi kwenye jeraha. Baada ya hapo tumia mafuta ya midomo yenye SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, upake upya kila saa mbili ukiwa nje na kila baada ya kula. Endelea hivyo miaka yote utakayotaka rangi idumu.

Kuogelea ziwani, kwenye bwawa, sauna na stimu visubiri wiki mbili. Maji ya Nalubaale (Ziwa Viktoria) yana vijidudu vyake na kichocho juu yake. Klorini ya bwawa hupausha. Mvuke hulowesha ngozi na kuinua magaga. Mazoezi ya kutoa jasho jingi yangoje siku tano hadi saba, kwani jasho la chumvi huteremka hadi midomoni nawe unalifuta kwa mkono bila kufikiri. Lipstiki isubiri hadi ngozi ifunge kabisa, siku kumi hadi kumi na nne, na ile ya zamani iliyokwisha kugusa midomo mara mia itupe.

Rangi inapotoweka

Kati ya siku ya saba na wiki ya tatu huja kipindi kinachowakatisha watu tamaa. Magaga yamekwisha, na midomo inaonekana haina rangi, au imefunikwa na utando mweupe kama maziwa. Ngozi mpya iliyojengwa haraka huwa nene na haipitishi nuru vizuri. Rangi iko chini yake lakini haionekani. Inavyokomaa na kuwa nyembamba, rangi hujitokeza, kwa kawaida kuanzia wiki ya tatu au ya nne. Hesabu ya kweli hufanywa wiki ya sita. Rangi itakayobaki huwa nyepesi kwa kiasi kikubwa kuliko ile ya siku ya kwanza.

Katika kipindi hiki usimpigie fundi ukimtaka akujazie rangi wiki ijayo. Sindano ikirudi kwenye ngozi ambayo haijakomaa huacha makovu, na rangi haishiki.

Midomo ya asili yenye weusi, ambayo ni ya wengi wetu, huenda kwa mwendo mwingine. Ngozi yenye melanini nyingi, ile rangi yake ya asili, hujibu jeraha kwa kutengeneza melanini zaidi, kwa hiyo midomo inaweza kuonekana myeusi kuliko mwanzo wiki ya pili hadi ya nne. Wengi hung'aa tena kadiri miezi inavyopita, mradi haikuambuliwa na haikuchomwa na jua. Tena, kwa midomo myeusi kikao cha kwanza mara nyingi ni cha rangi ya joto kama ya chungwa, ya kupunguza weusi, na rangi uliyoiota huja kikao cha pili au cha tatu. Fundi anayeahidi waridi jepesi juu ya midomo myeusi kwa kikao kimoja anauza picha ya siku ya kwanza.

Piga picha kila siku ya tatu, mahali pamoja, karibu na dirisha, saa ileile, bila vichujio vya simu. Wiki ya sita picha hizo zitamweleza fundi zaidi ya maneno.

Lini uende hospitali

Maumivu ya kawaida hupungua kila siku. Yakianza kuongezeka baada ya siku ya tatu, uvimbe ukarudi hasa upande mmoja, midomo ikawa ya moto, usaha wa manjano mzito au wa kijani ukatoka, au ukapata homa, usingoje asubuhi. Mishipa ya damu ya mdomo wa juu na kando ya pua ina njia inayofika ndani ya fuvu, na maambukizi ya sehemu hiyo yakipuuzwa yanaweza kufika karibu na ubongo. Ni nadra, lakini ndiyo sababu usiminye kipele chochote hapo. Nenda kituo cha afya, eleza kuwa ulichorwa tatuu na siku ngapi zimepita. Kununua antibiotiki nusu dozi dukani na kusikilizia ni kupoteza siku mbili ambazo daktari angezihitaji.

Malengelenge madogo yaliyokusanyika, yenye kuwaka na kutekenya kabla hayajatokeza, ni herpesi hadi athibitishe daktari vinginevyo. Vidonge hufanya kazi vizuri vikianza ndani ya siku ya kwanza au ya pili. Usiyapasue, usiguse macho, usibusu mtoto mchanga.

Ulimi ukivimba, koo likabana, pumzi ikawa fupi au mwili mzima ukatoka vipele, hiyo ni mzio mkali. Kimbilia idara ya dharura, usipitie duka la dawa. Mzio wa rangi yenyewe huchelewa zaidi. Unaweza kuja wiki au miezi baadaye kama kuwasha kusikoisha na vinundu, na rangi nyekundu ndizo zinazoongoza kwa hilo. Huo ni wa kliniki ya ngozi, kama ile ya Hospitali ya Mulago, Kampala, na si wa kujaziwa juu yake.

Kama uliona fundi akitumia sindano ambayo hakuifungua mbele yako, au akirudisha rangi ya mteja aliyetangulia kwenye kikopo chako, lichukulie kama tukio la damu. Dawa za kuzuia VVU baada ya tukio huanza mapema iwezekanavyo, na si zaidi ya saa 72, kisha humezwa siku 28. Vituo vya serikali huzitoa. Ulizia pia homa ya ini aina ya B. Chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya watoto wachanga Uganda mwaka 2002, kwa hiyo aliyezaliwa kabla ya hapo asidhani amekingwa mpaka apimwe au achanjwe. Na ukienda kutoa damu baadaye, taja tatuu na tarehe yake.

Kikao cha kujazia

Kisifanyike kabla ya wiki ya sita, na kwa midomo myeusi subiri wiki ya nane au zaidi. Angalia kwanza midomo mikavu kwenye mwanga wa mchana, halafu yenye mafuta kidogo. Madoa matupu yenye umbo la vipande ni ya kuambua. Mistari wima ni ya kupasuka. Weupe wa duara pamoja na historia ya malengelenge ni herpesi. Rangi iliyopungua sawasawa pande zote ni ya kawaida, na hujazwa kwa urahisi. Ukingo uliotandaa nje ya mstari wa mdomo kama wino kwenye karatasi iliyolowa ni wa sindano iliyozama sana, na hapo kujazia hakusaidii.

Mwonyeshe fundi picha, mweleze siku uliyoanza kuambuka na ulichopaka. Kama ulipata herpesi mara ya kwanza, anza vidonge upya kwa ushauri wa daktari kabla ya kikao hiki pia. Baada yake midomo huvimba kidogo kuliko mara ya kwanza na huambuka upesi zaidi, lakini kuosha, punje ya mchele na kijiko kidogo vinarudi vilevile kwa siku saba.